Bi Mwanatumu Alisema Nini?

Homa Bay,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mke wangu Mwanakheri, mama Rukia,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na binti yetu, na mama naye awe amepata nafuu ya kile kifua chake. Je, anaweza kwenda hadi msikitini sasa bila kusimama njiani? Na Rukia amehitimu juzuu ya pili au bado? Nijibu hayo kwanza ukipata nafasi. Kwa upande wangu sina baya la kukuficha. Malaria ilinilaza siku nne mwezi uliopita, nikanywa dawa ikaniachia. Lile jino la nyuma lililokuwa likinisumbua tangu nikiwa Takaungu nimeling'oa, kwa hiyo ukiniona nimeingia shavu upande mmoja usishtuke.

Barua yako ya mwisho nimeisoma hata imeanza kuchanika penye mikunjo. Uliniandikia kurasa mbili fupi, na chini kabisa ukaongeza mstari mmoja: "Mchezo wa Bi Mwanatumu wakaribia kwisha. Ukiisha nitakuandikia nilivyouona." Basi umeisha, Mwanakheri. Hii ni wiki ya sita, na sijapata barua. Nimeamua niandike mimi kwanza, maana kichwa changu kimechanganyikiwa na sijui nimweleze nani mwingine.

Sikupata kukueleza sawasawa jinsi tulivyokuwa tukiusikiliza mchezo huo wa redio huku. Unajua nashonea kwenye baraza ya duka la Mzee Juma, yule mfanyabiashara wa Mumias aliyenipa nafasi nilipofika. Redio yake huiweka dirishani, juu kidogo ya cherehani yangu. Kila Alhamisi tukishaswali alasiri, watu walikuwa wanaanza kujikusanya. Mwanzo walikuwa watatu. Baada ya miezi miwili baraza ilijaa hata nikawa siwezi kukanyaga pedali bila kumpiga mtu goti. Wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni, cha kuulizana bei na habari, na wewe wajua Kiswahili cha mchezo ule, cha zama za misafara, kimejaa maneno ambayo hata mimi niliyasikia kwa bibi tu. Basi kazi ya kufasiri kwa Kijaluo ikaniangukia mimi. Mhusika akisema, mimi nasema nyuma yake. Usinicheke, lakini nilikuwa naona fahari. Mwaka wa tano huu nimekaa na watu hawa, na ndiyo mara ya kwanza walinihitaji kwa jambo lisilokuwa suruali.

Aliyeupenda mchezo kuliko wote ni mama mmoja anayeitwa Rispa. Huyu ni mchuuzi wa samaki, kwao ni kisiwa cha Mfangano. Siku za soko huja kwa mashua na vikapu vya obambla, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, na jioni hurudi. Alhamisi ni siku yake ya soko. Mumewe, Okello, alikwenda Kampala kutafuta kazi miaka tisa iliyopita. Miaka miwili ya kwanza alileta barua, kisha kimya. Rispa hakuolewa tena, hakurudi kwa wazazi wake. Alijenga nyumba ya mabati kwa samaki wake mwenyewe.

Kwa hiyo waelewa alivyokuwa akisikiliza habari za mwanamke wa zamani ambaye mumewe, Bwana Hamadi, amekwenda bara na msafara wa pembe asirudi. Bi Mwanatumu alipougua homa, Rispa aliwapelekea habari kina mama wenzake kanisani kule kisiwani, wakamwombea. Nakwambia kweli. Mwalimu Zakaria, anayefundisha shule ya hapa na kwao ni Magunga, alimwambia, "Mama, huo ni mchezo, hakuna mgonjwa." Rispa akamjibu, "Wewe Mwalimu umejuaje? Ulikwenda ukaangalia?" Na wiki iliyofuata Bi Mwanatumu alipona, basi ikawa Mwalimu hana la kusema.

Sasa nije kwenye ile Alhamisi ya mwisho. Wewe uliisikia, lakini nataka nikusimulie jinsi ilivyofika kwetu.

Tulijua Bwana Hamadi yuko njiani. Baraza ilikuwa kimya hata sauti ya mvua ya kwenye redio ilimfanya mzee mmoja atazame juu. Tukasikia hatua za mtu anayechechemea. Tukasikia jiwe la kusagia ndani ya nyumba. Bwana Hamadi akasema, "Hodi. Hodi wenyewe." Jiwe likanyamaza. Nikafasiri hodi, ingawa hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Kisha Bi Mwanatumu akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyewe hayupo."

Ngoma zikalia. Mtangazaji akatushukuru kwa kuusikiliza mchezo mpaka mwisho wake, akasema kuanzia wiki ijayo wakati huo utakuwa wa mafunzo ya ufugaji wa kuku.

Watu wote walinigeukia mimi. Nilikuwa bado sijafasiri. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa Kijaluo hakiniruhusu kulisema neno "mwenyewe" hivi hivi bila kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Nilitakiwa nichague, na watu wananitazama mdomoni. Nikasema, "Wuon ot onge." Maana yake, mwenye nyumba, mwanamume, hayupo.

Ewe mke wangu, ilizuka kelele! Wakaelewa kwamba Bi Mwanatumu ana mume mwingine, ametoka tu kidogo. Rispa alisimama akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza kuku. "Miezi minane namwombea," akasema, "kumbe yuko na mtu ndani!" Mwalimu Zakaria akasema yeye alijua zamani, mume ni yule Shee wa mchezoni, mjenzi wa majahazi aliyekuwa akija kumwezekea makuti, na alimsifu Bi Mwanatumu kwa kuwa na akili. Mzee Juma naye alitoka ndani ya duka akiwa na ukanda wa kupimia shingoni, akapinga wote wawili. "Hamkufahamu. Hakuitambua sauti. Mtu mgeni amebisha hodi, naye ni mke mwenye heshima, amemwambia mume wangu hayupo. Yaani bado amngoja yule yule aliye mlangoni!" Akafuta macho, Mzee Juma huyu ambaye sijamwona akilia hata msibani.

Walibishana mpaka mashua za visiwani zikaanza kuita abiria. Wengine walisema mwisho huo ni mzuri kuliko yote waliyowahi kusikia, wengine walisema tumedhulumiwa, na kuna waliosema yote mawili kwa pumzi moja. Mimi niliinamia cherehani. Nilikuwa najiuliza kwa nini nilichagua neno lile. Lilinitoka kabla sijafikiri, na nimegundua baadaye kwamba nilichagua lile ninaloliogopa.

Jumatatu nilikwenda Suna, upande wa Migori, kupeleka sare za shule kwenye duka la pili la Mzee Juma, linaloendeshwa na mwanawe pamoja na mke wa huyo mwana, Mama Zubeda. Nilidhani huko nitapumzika na habari hizi. Nikakuta na wao barazani wanabishana, lakini ubishi wao ulikuwa mwingine kabisa! Kina mama wa Suna walikuwa wanasema Bi Mwanatumu amekosea kumfungulia haraka hivyo mwanamume aliyemtupa. "Angemwacha anyeshewe kidogo," mmoja akasema. Mwingine akasema hapana, yeye alilia kwa furaha na usiku akapika chapati.

Nikauliza, "Alimfungulia lini?"

Wakanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Si alisema donji?" Yaani, ingia.

Ikabidi nimngoje Mama Zubeda awe peke yake, kwa kuwa ndiye anayewafasiria kule. Nilipomuuliza, alishusha macho akaendelea kukunja vitambaa.

"Shemeji, wewe ulisikia nini?" akaniuliza.

"Nilisikia, mwenyewe hayupo."

"Na mimi nilisikia hivyo hivyo. Lakini mbele yangu walikaa wanawake watano ambao waume zao wako Magadi na Nairobi na wengine hawajulikani waliko. Wote wamenikodolea macho. Ningewaambia hayupo?" Akaniomba nisimtaje. Nikamwahidi. Kwako nimemtaja kwa kuwa Takaungu ni mbali, na wewe si mtu wa kupeleka maneno.

Nilirudi Homa Bay nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Mtu mmoja kasema neno moja, na watu wa miji miwili wamelia kwa sababu mbili ambazo haziwezi kuwa kweli pamoja.

Alhamisi ilipofika, Rispa alikuja barazani mapema, kabla ya wengine. Siku zote huwa tunazungumza Kijaluo. Siku hiyo alikataa, alitaka tuzungumze Kiswahili, nadhani ili nisipate pa kujificha.

"Fundi," akasema, "hiyo maneno ya mwisho, sema vile ilitoka kwa redio. Usigeuze."

"Alisema, mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe ni bwana ama ni bibi?"

"Aweza kuwa bwana, aweza kuwa bibi."

"Kiswahili gani hii haijui bwana na bibi?"

Nikamweleza maana zote ninazoziona. Kwamba labda ameolewa na mwingine. Kwamba labda hakuitambua sauti na bado anangoja. Na nikamwambia ile ya tatu, ambayo hakuna aliyeisema barazani: kwamba labda mwenyewe ni yeye Bi Mwanatumu, na amemwambia Bwana Hamadi kuwa yule mwanamke uliyemwacha hapa, huyo hayupo tena.

Rispa alikaa juu ya kikapu chake kitupu, mikono magotini. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya niache sindano.

"Okello iko njiani. Watu ya mashua waliona yeye Kisumu. Alituma salamu kwangu. Hiyo ni mwezi moja sasa." Akatazama redio iliyozimwa. "Mimi nilikuwa nangoja Mwanatumu amalize, nione vile mtu anafanya."

Mwanakheri, nilitamani ardhi inimeze. Mama wa watu alikuwa akisubiri mafunzo, nami nilimfasiria hofu yangu.

Wiki mbili baadaye Okello alifika kwa meli kutoka Kisumu. Alikuja dukani moja kwa moja kwa sababu aliambiwa fundi wa pwani anamjua mkewe. Nilikuwa nimemjengea sura ya mtu mkubwa, mkorofi. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwembamba, koti limempwaya mabegani, na ameshika kofia kwa mikono miwili kama anayekwenda kwa chifu. Akaniomba nitangulie naye sokoni. "Wewe sema kwanza," akasema, "mimi nitafuata." Nikamwambia safari hii sisemi kwa niaba ya mtu, lakini nitatembea naye.

Soko la samaki liko chini karibu na maji. Rispa alikuwa akimuuzia mtu. Alimwona Okello, sisi sote tuliona kwamba amemwona. Akaendelea kumfungia mteja samaki wake kwa kamba, taratibu, akakaza fundo, akampa. Wanawake wote pale walikuwa wameacha kuuza. Ndipo akasimama, akakung'uta nguo, akamtazama mumewe kuanzia viatu kupanda juu.

"Umekonda," akasema.

"Ndiyo."

"Kampala hakuna chakula?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajizuia. Rispa akainama akashika mkono mmoja wa kikapu kikubwa, akamwonyesha mkono wa pili. "Shika huko." Okello akavaa kofia ili mikono iwe huru, akashika. Walipoanza kushuka kwenda kwenye mashua, Okello alinigeukia mara moja, kana kwamba mimi nitamfasiria.

Mashua haijaondoka, soko lilikuwa limeshagawanyika. Amemrudia, wengine wakasema, kumbe ulitaka afanyeje? Wengine wakasema hajamrudia, amempa kazi ya kuli. Mwalimu Zakaria aliposimuliwa jioni alisema hata maisha siku hizi hayana mwisho unaoeleweka, na alisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu wa kuandikiwa malalamiko.

Mimi nilimngoja Rispa mpaka siku yake ya soko iliyofuata. Alipokuja nilimuuliza, safari hii kwa Kijaluo, kama wamepatana.

"Amebeba kikapu," akasema.

"Hilo nililiona. Nauliza mengine."

"Analala kwa mamake. Asubuhi anakuja ananibebea kikapu hadi majini. Siku nyingine nampa chai, siku nyingine simpi. Mengine bado sijui, Fundi. Wewe unataka nijue leo leo?" Na hakuwa na uso wa huzuni wala wa furaha. Aliniomba nimpunguzie Okello koti, kwa kuwa linamtia aibu yeye anapotembea naye. Nimelipunguza. Sijui kama hiyo ni ishara ya kitu.

Sasa nizungumze yangu. Nilipotoka Takaungu nilikuambia miaka miwili. Tulikuwa tumepata uhuru juzi tu, kila mtu akisema bara kuna kazi, nami niliamini ningerudi na duka langu mwenyewe. Kila mwaka nilipokuwa karibu kurudi nilijiambia bado, sina cha kumwonyesha, nitakwendaje mikono mitupu mbele ya baba mkwe na watu wote waliokuja kuniaga? Huo ndio ukweli wote, hakuna mwanamke mwingine huku wala hajawahi kuwako. Nimekuwa nikikutumia matumizi na kudhani matumizi yanasema kila kitu. Na barua zako zimekuwa zikifupika, nami najifanya nadhani ni kwa sababu karatasi imekuwa adimu.

Wiki hii nilikata gauni la Rukia, kitambaa cha maua mekundu nilichokiweka tangu mwaka jana. Nilipoinua mkasi nikagundua sijui urefu wake. Ninayemkumbuka ana miaka sita, na hivi sasa ana kumi na mmoja. Nikamwita mtoto wa jirani wa umri huo, nikampima yeye. Nilipomaliza kushona, mtoto wa watu alilivaa akazunguka nalo barazani kwa furaha, na lilimkaa vizuri sana, na mimi nikakaa nikamwambia alichukue. Sikuweza kulifunga na kulituma. Ningetuma gauni la mtoto mwingine.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Mzee Juma kwamba nikimaliza sare za muhula huu naondoka. Hakunizuia. Alisema tu kwamba cherehani itakuwa hapo nikiihitaji, na kwamba nimsalimie mama Rukia ambaye amemsikia kwa miaka mitano na hajui sura yake.

Sitaki kukushtukizia mlangoni kama yule bwana wa redio. Yeye alimlazimisha mwanamke ajibu kwa neno moja, papo hapo, jiwe la kusagia likiwa mkononi, na tazama sote tulivyochanganyikiwa. Wewe una majuma matatu kabla sijaondoka huku. Nitashukia Mombasa kwanza, nikae kwa kakangu Athmani. Niandikie barua kwa anwani yake, niikute pale. Ukiniambia njoo, nitapanda basi la Malindi, lipitalo upande wa Takaungu, asubuhi yake. Ukiniambia nikae Mombasa kwanza, nitafute kazi pale, niwe naja Ijumaa kumwona mtoto hadi utakapoamua, nitafanya hivyo, na nitanyamaza watu wakisema. Na ukiwa hujui, niandikie kwamba hujui. Hilo nalo nimejifunza kulipokea. Usiniachie karatasi tupu tu, hiyo ndiyo nisiyoiweza.

Mchezo wenyewe usinieleze tena ulivyouona. Nilikuwa nataka sana kujua, na sasa nahisi si haki yangu kukuuliza kwa njia ya kuzunguka.

Nisalimie mama na umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi Bi Aziza, mwenye redio, na umwambie nimeshukuru kwa kuwakaribisha Alhamisi zote hizo. Nisalimie baba mkwe, kwa heshima zote, hata kama hatapenda kuipokea salamu. Maalimu wa Rukia mwambie namwombea dua. Na Rukia mwenyewe mwambie baba amemuuliza, na kwamba kama hanikumbuki vizuri si kosa lake.

Wasalaam,
Ni mimi Swaleh, mumeo, mpaka wewe useme vingine.